Nimelipa shilingi 381,000 kwa bomba lililokuwa zima: mafundi bomba wa Mbeya, orodha zenu za vifaa zinatumaliza

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira. Nilijitahidi kuilaza kwa siku nne ili nisije nikaporomosha matusi mbele ya watu wazima, lakini leo asubuhi nimeamka nayo, kwa hiyo mtanivumilia. Mimi ni mkazi wa Isyesye, hapa jijini Mbeya, katika nyumba yangu mwenyewe yenye vyumba vitatu, choo cha ndani, na tanki la lita 1,000 lililokaa juu ya zege la bafu.

Kisa kilianza na ankara ya maji. Mwezi Mei dira ilisoma matumizi ya uniti 9, ambayo ndiyo kawaida yetu watu wanne. Mwezi Juni zikaja uniti 24. Uniti moja ni lita 1,000, maana yake kuna lita 15,000 zilizopita kwenye dira yangu bila kupita kwenye ndoo, sufuria wala beseni la mtu yeyote wa nyumba hii. Wakati huohuo ukuta wa bafu, upande wa nyuma, ulikuwa umeanza kuloa na rangi inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nikayaunganisha mambo hayo mawili, nikahitimisha kwamba bomba limepasuka ndani ya ukuta, na hilo ndilo kosa langu la kwanza: nilikwenda kumtafuta fundi nikiwa nimeshautaja ugonjwa, naye hakuwa na sababu ya kunibishia.

Nilimpata Mwanjelwa, nje ya duka la vifaa vya ujenzi, wanakokaa mafundi na mikoba yao wakisubiri wateja. Alikuja na msaidizi, akaugonga ukuta mara tatu kwa spana, akatikisa kichwa kama daktari, akasema, "Mama, hii ni baridi. Mwezi wa saba bomba zinapasuka sana huku kwetu." Nikakubali. Nani mkazi wa Mbeya atakayebisha habari za baridi ya Julai, tena akiwa amejifunga khanga mbili juu ya sweta? Baadaye, akili iliporudi, ndipo nilipojiuliza maswali ya mtoto wa shule ya msingi. Baridi hupasua bomba pale maji yanapoganda humo ndani na kutanuka, na maji huganda nyuzi 0. Kule milimani Kitulo sakitu huanguka na nyasi zikaonekana nyeupe alfajiri, hilo halina ubishi. Lakini bomba lililofukiwa ndani ya ukuta wa tofali, Isyesye, tena ukuta wa bafu linalooga watu maji ya moto kila jioni, litaganda saa ngapi?

Tukaingia kwenye bei. Alitaja 120,000 za ufundi; nikapiga kelele, nikamtajia watoto wanaokwenda shule, tukabishana hadi akashuka 80,000 huku akilalamika kwamba nimemwonea. Nikajiona mjanja. Vifaa, akasema, "tutaanza halafu tutajua, mama," nami nikaitika, nikampa fedha za kuanzia, nikaenda kwenye shughuli zangu. Nilirudi saa kumi jioni nikakuta vigae tisa vimevunjwa, mfereji umechimbwa ukutani kutoka sakafuni hadi usawa wa bega, na fundi ananikabidhi karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Karatasi hiyo ninayo na nainakili kama ilivyo. Bomba za PPR (zile za plastiki za maji safi) za milimita 20, vipande 6 kwa 12,000. Elbo 14 kwa 1,500. Tii 6 kwa 1,500. Geti valvu 2 za inchi moja kwa 28,000. Tredi tepu 8 kwa 1,000. Gundi makopo 2 kwa 15,000. Mashine ya ndani ya tangi la flashi, 45,000. Jumla ya vifaa 241,000. Chini yake, kwa mwandiko uleule: ufundi 80,000, bajaji 20,000, kukodi mashine ya kuchomea bomba 40,000. Ile 40,000 niliyojisifu kuipunguza kwenye ufundi ilikuwa imeingia tena ndani kwa mlango wa jikoni, imevaa jina la mashine. Jumla kuu 381,000. Nililipa, kwa sababu kulikuwa na giza, maji yamefungwa, na mtoto anataka kuoga.

Asubuhi yake nilikuwa nafagia kifusi nikaliona bomba la zamani lililokatwa, kipande chenye urefu wa mkono, pamoja na elbo yake. Nilikiokota nikitafuta ule ufa uliosababisha yote haya. Sikuuona. Nikaziba mwisho mmoja kwa kidole gumba, nikajaza maji kwa kikombe, nikakisimamisha na kukisubiri kama mtu anayesubiri maziwa yachemke. Halikudondoka tone. Nikakikausha kwa khanga, nikajaza tena, nikakizungusha, nikakiinamisha upande wa kiungio. Hakuna kitu. Bomba lilikuwa zima kama lilivyotoka dukani.

Hapo ndipo nilipochukua ile karatasi na kuanza kuhesabu. Mfereji ulikuwa bado haujazibwa, kwa hiyo kila kilichofungwa kilionekana kwa macho: bomba zisizozidi vipande viwili, elbo 3, tii 1, valvu moja ya nusu inchi. Ile geti valvu ya inchi moja haikuwapo, na isingeweza kuwapo, kwa maana bomba la milimita 20 ni lile tunaloliita la nusu inchi na haviingiliani. Ila kilichonichefua kuliko vyote ni gundi. Mabomba ya PPR hayaunganishwi kwa gundi hata kidogo. Huunganishwa kwa moto. Mashine ya kuchomea hupashwa hadi nyuzi 260 hivi, ncha ya bomba na kiungio huingizwa pamoja kwa sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, kisha hushikizwa na kuachwa vipoe. Gundi ni ya mabomba ya PVC, kama yale ya maji machafu. Nilitozwa 30,000 kwa kitu ambacho kisingekuwa na pa kupakwa nyumba nzima, na aliyeniandikia ni mtu yuleyule aliyenitoza 40,000 za mashine inayofanya gundi isihitajike.

Nikapanda daladala hadi mjini, nikauliza bei katika maduka matatu tofauti bila kusema nina fundi. Bomba 8,500, elbo 600, tii 700, valvu ya nusu inchi 9,000, tepu 500, mashine ya flashi ya aina ileile 18,000. Vifaa vilivyofungwa kweli nyumbani kwangu, pamoja na tepu moja na mashine ya flashi, kwa bei hizo, vinafika 47,000. Nilitozwa 241,000. Kwa hiyo huyu bwana hakuniibia kwenye ufundi niliobishana naye nusu saa nzima. Aliniibia kwenye karatasi ambayo sikuisoma, shilingi 194,000, na theluthi yake ni elbo na bomba ambazo hazikuwahi kuvuka kizingiti changu.

Na bado maji yaliendelea kupotea. Jirani yangu alinielekeza kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, ambaye alianza kwa kunitaka nimlipe 10,000 ya kukagua, iwe atafanya kazi au hatafanya. Hakugonga ukuta. Alifunga koki zote, akainama kwenye dira kuangalia kile kigurudumu kidogo, kilikuwa kimetulia. Akaniuliza maji ya mtaa wetu huwa na nguvu saa ngapi, nikamjibu ni usiku. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama kuitazama migomba yangu, akasema, "Mama, tupo Julai. Hii migomba anaimwagilia nani?"

Wanajukwaa, migomba ilikuwa imestawi kama ya Tukuyu. Mvua huku kwetu zilikwisha tangu Mei, bustani ya jirani imekauka imekuwa rangi ya udongo, na mimi nimepita hapo kila siku nikiisifu migomba. Mzee alipanda juu ya zege, akafunua tanki, akatoa boya lililokuwa limejaa maji na kuzama badala ya kuelea. Boya likizama valvu haifungi. Usiku presha ikipanda, tanki linajaa na maji ya ziada yanatoka kwenye bomba la juu, yanateremka na ukuta wa bafu hadi kwenye migomba. Mchana presha ni ndogo, maji hayafiki juu, kwa hiyo hakuna anayeona kitu. Lita 15,000 kwa siku 30 ni lita 500 kila usiku, nusu ya tanki. Na ukuta haukuwa unalowa kutokea ndani, ulikuwa unaloweshwa kwa nje. Boya na valvu yake 12,000, nilinunua mwenyewe, ufundi 15,000. Nilimwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nikaona haya kumtazama usoni.

Sasa nasema na mtu yeyote ambaye wiki hii ana fundi anayekuja kwake, awe Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe. Usikubali tofali wala kigae kivunjwe kabla fundi hajakuonyesha kwa dira kwamba maji yanavuja, na yanavuja upande gani. Kipimo chenyewe ni bure: funga koki zote, soma dira, subiri saa moja, soma tena, kisha rudia usiku, kwa sababu mimi nimejifunza kwa gharama kwamba dira iliyotulia mchana haijasema yote. Funga valvu ya tanki urudie, funga ya choo urudie, na sehemu inayoifanya dira itulie ndiyo yenye ugonjwa. Kwa choo, tia rangi ya chakula kwenye tangi la flashi bila kuflashi. Ikionekana chini kwenye bakuli, mpira umechoka na hakuna haja ya kugusa ukuta. Kama maji yanavuja kabla ya kufika kwenye dira, hiyo kwa kawaida ni kazi ya mamlaka ya maji, usimlipe fundi wa mtaani.

Kuhusu vifaa, fundi aandike orodha kabla ya kazi, ikiwa na idadi na kipimo, na wewe uende dukani na hiyo orodha, tena si kwenye duka analokuelekeza yeye. Kama huna nafasi ya kwenda, basi aje na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa maana karatasi ya daftari si risiti hata ikipigwa muhuri wa duka. Mabaki yote, yaani vipande vya bomba, elbo zilizozidi na kifaa cha zamani kilichotolewa, vibaki kwako. Ningekuwa nimeliomba bomba la zamani palepale, mbele yake, kabla sijafungua pochi, uzi huu usingekuwapo. Na usilipe ufundi wote siku ileile. Bakiza sehemu hadi maji yamepita siku mbili tatu, nanyi mkubaliane hivyo mwanzoni, mbele ya mtu wa tatu, si mwishoni mkiwa mnagombana gizani.

Najua mafundi wamo humu na wataniambia kwamba sisi wateja ndio tunaowafundisha wizi, kwa kuwa tunabana ufundi hadi fundi anaona pa kupumulia ni kwenye elbo. Kwa hilo sina majibu ya kutosha. Kweli nilimbana, na kweli kuna maduka yanayompa fundi cha juu ili amlete mteja, naye asipochukua yeye atachukua mwenzake. Ningependa fundi aniambie, "Mama, ufundi wangu ni 120,000 na vifaa nunua mwenyewe," nami nichague kumlipa au kumwacha. Lakini kumwandikia mtu kopo mbili za gundi kwenye kazi isiyo na gundi siwezi kukuita kubanwa.

Nilimrudia yule fundi wa kwanza kule Mwanjelwa nikiwa na kile kipande cha bomba kwenye mfuko wa rambo. Mwanzoni alisema ufa ni mdogo hauonekani kwa macho. Nikaomba maji kwa mama lishe, nikalijaza mbele ya wenzake, tukasimama tukiliangalia. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Tulikwenda kwa mjumbe wangu, akakiri kwa mdomo kwamba "hesabu zilichanganyika" na akaahidi kurejesha 100,000 kufikia Jumamosi iliyopita. Jumamosi imepita, simu haipokelewi. Mjumbe ameandika maelezo yetu wote wawili na tumetia saini, na makubaliano hata ya mdomo ni mkataba mbele ya sheria, kwa hiyo wiki ijayo naanza safari ya Mahakama ya Mwanzo nikiwa na karatasi yake ya daftari, bei za maduka matatu, na bomba langu.

Wenye bei halisi za vifaa kwa sasa, hasa mlioko Iringa, Makambako na Tunduma, ziwekeni hapa chini mkitaja kipimo na aina, ili anayefuata awe na cha kulinganisha kabla ya kukabidhiwa karatasi. Na kama kuna aliyewahi kufikisha deni la namna hii Mahakama ya Mwanzo, naomba aniambie alikwenda na nini mkononi.