Deki ya VHS: nifungue mwenyewe, nipeleke Luthuli, au ninunue ya jirani?

Kijana_Umoja:
Hamjambo wadau. Deki ya nyumbani, ile ya kaseti za video, imekataa tangu Pasaka. Fundi wa Luthuli Avenue, Nairobi, anataka 3,500 na hata hajaifungua. Jirani anauza yake 6,000. Ama nichukue bisibisi nijaribu mwenyewe? Mshahara unaingia Ijumaa, nataka niwe nimeamua.

MzeeAntena:
"Imekataa" vipi, kijana? Haiwaki kabisa? Inawaka lakini inatafuna kaseti? Au inacheza picha ikiwa chenga tupu? Hayo ni magonjwa matatu, na kila moja lina dawa yake. Kama haiwaki, mara nyingi ni kapasita, vile vihifadhi umeme vya upande wa stima, zimekauka, na hapo usiingize mkono, kwa sababu ile kubwa hubaki na zaidi ya volti 300 hata ukichomoa plagi. Kama ni chenga na sauti inasikika sawasawa, hedi, vile vichwa vinavyosoma utepe, zimechafuka. Sauti ya kawaida husomwa na hedi nyingine iliyotulia, si zile zinazozunguka kwenye pipa. Na deki yenyewe ni ya kampuni gani?

Bint_Pangani:
Mimi nasema usitengeneze na usinunue. Peleka kaseti zihamishiwe kwenye flashi, basi. Kiwanda cha mwisho, Funai cha Japani, kiliacha kuunda deki 2016. Leo utapata mkanda wa mpira, kesho ukose hedi, na hiyo ya jirani ina umri uleule.

Karis_Kayole:
Flashi bila deki nzima inatoka wapi, dada? Anayekuhamishia naye anatumia deki. Kaseti ni ngapi kwanza?

Kijana_Umoja:
Samahani, niliandika mbio nikiwa kwa matatu. Jina la mbele limefutika, nitaangalia nyuma. Inameza kaseti, inacheza kama sekunde tano, inajizima, na ukitoa kaseti utepe unaning'inia nje. Ziko kumi na moja, lakini ninayoitaka hasa ni ya ruracio, sherehe ya mahari, ya wazazi, 1993. Baba ametutoka, na mama anafikisha miaka 60 mwezi ujao.

Mama_Kariokor:
Mwanangu, usiingize kaseti yoyote tena kabla hujanisoma. Yangu ilikuwa ya nyanya yangu, akitubariki siku dada yangu alipoolewa. Ilinasa ndani ya deki, nami nikabeba deki na kaseti yake hivyohivyo kwa fundi mjini. Niliporudi jioni, deki ilikuwa inacheza vizuri sana, sinema ya karate. Nikauliza, kaseti yangu? Akanionyesha. Alikuwa ameukata utepe kwa makasi ili autoe haraka, kisha akaunga kwa gundi ya karatasi. Kipande kilichobaki kilikuwa sakafuni, urefu wa mkono wangu mara tatu, kimekunjamana kama ganda la kitunguu, na kimekanyagwa. Nilikiokota, nikajaribu kukinyoosha kwenye goti. Nyanya anainua mkono, kisha wageni wanakula. Maneno yake yalikuwa kwenye kile kipande. Fundi hakuona kosa, kwake kazi ilikuwa deki. Kwa hiyo ukienda kwa fundi yeyote, peleka deki peke yake, na ijaribiwe kwa kaseti ambayo hata ikitafunwa hutalia. Hiyo ya ruracio iko wapi sasa hivi?

MzeeAntena:
Pole sana, mama. Kijana, dalili zako zinaonyesha gurudumu linalopokea utepe halizunguki. Deki ikikosa kuliona likizunguka, inajizima yenyewe. Ni mkanda wa mpira uliolegea, au ile roda ndogo ya mpira inayosukuma magurudumu imeng'aa na kuteleza. Fungua kifuniko utazame, lakini si chini ya jua kali wala taa kali, maana vitambuzi vya mwisho wa utepe hudanganywa na mwanga.

Karis_Kayole:
Na akishafungua asafishe hedi kabisa. Mimi natumia spiriti ya zambarau na pamba, miaka yote.

MzeeAntena:
Pamba hapana! Uzi mmoja ukinasa kwenye ncha ya hedi, umeivunja. Tumia karatasi nyeupe iliyoloweshwa alkoholi safi, ile ya mafundi wa simu, uishike ikitulia na uzungushe pipa kwa mkono. Usisugue juu na chini.

Karis_Kayole:
Mzee, sijavunja hata moja.

MzeeAntena:
Umebahatika. Na hiyo rangi ya zambarau huacha utando.

Bint_Pangani:
Mzee, nisaidie hapohapo. Shangazi alituma kaseti kutoka Marekani, kwetu picha inaruka na haina rangi. Ni hedi?

MzeeAntena:
Hiyo ni NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, sisi ni PAL. Tafuta deki inayosoma zote mbili, hedi zako ziache.

Kijana_Umoja:
Nimefungua jana usiku. Kuna mkanda mmoja chini, karibu na mota. Nilipougusa ulikatika na kuniachia weusi vidoleni kama lami, mpaka leo sabuni haijautoa. Luthuli nitapata saizi yake? Na jirani amesema Jumamosi kuna mtu mwingine anakuja kuiangalia yake.

Karis_Kayole:
Nenda na hivyo vipande, usikisie. Na ulipie ya jirani kidogo aishike.

Bint_Pangani:
Asilipe kitu kabla hajaiona ikicheza.

Mama_Kariokor:
Hujanijibu, mwanangu. Kaseti ya ruracio iko wapi?

Kijana_Umoja:
Iko kabatini kwa mama, imefungwa kwa leso. Haijaingia kwenye deki yoyote, mama.