Raba zilizoloweshwa dawa: zirudi kwenye pikipiki ya abiria au zitupwe?

Mwenye mada (Malindi mjini)

Salaam aleikum jamaa. Hili jambo stejini linasemwa kichinichini, mimi naona tulitoe hadharani. Wenye pikipiki kuukuu, zile Yamaha DT na AG100, na Honda CG125 za zamani, huzichukua raba zilizokauka, yaani vile vipande vya mpira vya pikipiki, wakazilowesha dawa hadi zikalainika, kisha wakazirudisha na kazi ikaendelea. Wapo wanaotaka mafundi wakatazwe kabisa kuifanyia hivyo pikipiki inayobeba watu. Wengine wanasema katazo hilo ni kuwaua wenye pikipiki za zamani. Msimamo wangu: katazo la jumla ni upuuzi, lakini zipo raba ambazo fundi hafai kuzilowesha hata mwenye pikipiki akimpigia magoti.

Kwanza tuelewane kinachofanyika. Raba ikikaa miaka kwenye joto la injini na jua letu hili, yale mafuta iliyotengenezewa hutoka polepole, na oksijeni ya hewani huzidi kuikaza kwa ndani. Chukua raba inayounganisha kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa) na injini ya DT iliyolala bandani: ukiibonyeza kwa ukucha haibonyei, na kidole kinatoka na unga mweusi. Dawa inayosifiwa zaidi ni mafuta ya wintagrini, yaani methili salisileti, yenye harufu ile ya dawa ya kuchulia misuli. Huchanganywa na zailini, kiyeyushio kama cha rangi, mara nyingi sehemu 1 ya mafuta kwa 3 za zailini. Zailini ndiyo inayopenya na kuyaingiza mafuta, kisha yenyewe huruka upesi. Mafuta ni mazito kuruka, huchemka kwenye nyuzi 223 hivi, kwa hiyo hubaki ndani na raba hufura, ikakubali kupindwa.

Lakini raba haijapona, imefura tu. Mafuta nayo yatatoka siku yake, ugumu urudi. Na ufa uliokuwepo bado upo.

Basi swali langu kwa kila raba ni moja: hii ikifeli njiani, nini kinampata aliyepanda? Ikiwa pikipiki itazima tu pale daraja la Sabaki, abiria ateremke akinilaani, lowesha. Humo naweka raba ya kabureta, raba ya eya klina (chujio la hewa), raba za kukanyagia, raba zinazoshikilia tangi. Ikiwa mtu ataanguka au ataungua, tupa: paipu ya petroli, paipu za breki na raba zake za ndani, oili sili (raba za kuzuia mafuta yasivuje) za shoki za mbele, na tairi. Karibuni.

Fundi wa Barani

Yakhe, unaandika kama mtu aliyepakana na duka la spea! Tembea kuanzia hapa mpaka Kilifi uniletee raba ya kabureta ya DT 175. Maduka yamejaa vitu vya Boxer na TVS. Utaambiwa agiza Nairobi, ungoje, ikija ni ya kuigiza, tundu halikai sawa na inapasuka kabla hujaisahau bei yake. Mimi nikipata raba yake ya asili isiyo na ufa, nikailowesha vizuri, naiamini kuliko hiyo mpya.

Tena watu wanakimbilia dawa bila sababu. Nyingi ya hizo raba mnazoziita zimekufa zinataka maji moto tu. Itie kwenye sufuria ya maji yaliyochemka, ikipata joto ivishe hapo hapo, inakaa. Ikipoa inarudi ugumu wake, lakini ishakaa mahali pake na klampu imeibana.

Isipokubali maji moto ndipo nalowesha. Naiosha kwa sabuni, naikunjua yale makunjo ya ndani juani, kwa sababu ufa hujificha hapo, huwezi kuuona raba ikiwa imekaa wima. Nikiuona ufa sihangaiki nayo, naitupa. Nisipouona, naitia kwenye chupa ya kioo, na kila nikipita naitazama. Ukiisahau humo inafura hata haiingii tena kwenye klampu. Ikitoka naianika kivulini mpaka harufu ikate. Nikishaifunga, nawasha injini ikae inanguruma taratibu, nanyunyizia maji kidogo pale kwenye maungio. Mlio ukibadilika, kuna pahali inavuta hewa, naifungua tena. Pikipiki haitoki kwangu hivyo.

Mama wa boda mbili

Fundi, sina ubishi na ujuzi wako, niambie hiyo chupa unaiweka wapi. Mara nyingi naona chupa ya soda au ya jemu iko chini ya benchi na watoto wanachezea nati hapo. Hayo mafuta ya wintagrini kijiko kimoja cha chai kinatosha kumuua mtoto mdogo, maana ni ndugu wa aspirini lakini makali yake yamekusanyika pamoja. Na zailini inalevya ukiivuta kwenye kibanda kilichofungwa, na inashika moto. Nyote mnabishana juu ya abiria, hakuna aliyemtaja kijana anayeshinda hapo kifua wazi, mikono mitupu, anachovya.

Gongoni–Marereni kila siku

Mwenye mada, hesabu yako ina tundu. Unasema raba ya kabureta ikifeli pikipiki inazima tu. Kwa CG125 nakubali, itanguruma ovyo, itakosa nguvu, itakufa. DT na AG100 ni injini za stroki mbili, zinazowaka kila mzunguko, si stroki nne kama CG125. Raba ikipasuka ukiwa na kasi, hewa inazidi petroli, injini inachemka, pistoni inaganda ndani ya silinda, na tairi la nyuma linajifunga likiwa linazunguka. Dereva asipowahi klachi, ni lami. Mimi hubeba watu wa kazi za chumvi alfajiri, magari makubwa yananipita ubavuni. Hiyo raba kwangu iko kwenye orodha yako ya kutupa.

Mwalimu wa kemia

Niongeze la breki, kwa sababu kuna wanaodhani dawa ni dawa. Raba za ndani za breki za maji zimetengenezwa zivumilie mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4. Petroli, dizeli, grisi ya kawaida na mafuta ya injini huzifura na kuziharibu. Ukizisafisha kwa petroli, breki inaweza kuganda au kuvuja. Safisha kwa mafuta ya breki yenyewe, na zikichoka weka mpya.

Kijana wa steji

Nyote mmepita mbio kwenye tairi, na ndilo linalotuua. Polisi anaangalia kofia na jaketi. Nani aliyewahi kuona mtu akisoma tairi? Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna matairi yanauzwa mitumba hapa yamepakwa kiwi kama viatu vya Idi, yanang'aa, ukiyapinda mfereji unaona nyufa mpaka kwenye nyuzi. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya mchanga tunajua kitakachotokea. Mkitaka kukataza kitu, anzieni hapo, muache raba za kukanyagia.

Mwenye mada

Hoja ya stroki mbili naichukua. Basi raba ya kabureta iloweshwe kwa stroki nne peke yake, na kwa stroki mbili ikiwa pikipiki ni ya mwenyewe na habebi mtu. La chupa pia: kioo, kifuniko, kabati lenye kufuli, na jina limeandikwa juu.

Lakini nabaki na langu. Fundi anayelowesha aandike kwenye risiti ni raba gani na lini. Pikipiki inauzwa, inatoka Malindi inafika Mambrui kwa mtu mwingine, naye anapanda bila habari kwamba raba yake ina muda.

Fundi wa Barani

Risiti gani? Nusu ya wateja wangu wananilipa kwa M-Pesa jioni wakishapata abiria.

Mama wa boda mbili

Basi iandike kwenye huo huo ujumbe wa simu. Mimi fundi asiyeniandikia simpelekei tena pikipiki zangu, na nimeshawaambia madereva wangu.

Fundi wa Barani

Haya, nitaandika. Ila anayetaka nimpunguzie bei kwa sababu nimemwambia ukweli, nitamtuma kwako.