__builtin_avr_delay_cycles inakataa thamani ya potensiometa

Kijana_Sahare
Shikamooni wakubwa. Nipo Sahare, Tanga, natengeneza mlango wa hewa wa kikaushio cha dagaa. Chipu ni ATmega328P, kristali ya megahezi 16, mlango unavutwa na mota ya hatua. Nataka mwenye dagaa azungushe potensiometa (kirekebishi cha ukinzani cha kuzungusha) abadilishe kasi. Nimeandika `__builtin_avr_delay_cycles(muda)`, amri ya kuisubirisha chipu kwa idadi ya mizunguko ya saa yake, na `muda` ni `unsigned long` (aina ya namba nzima ya biti 32) kama mwongozo wa GCC unavyosema. Kompaila, yaani hiyo GCC inayogeuza kodi kuwa maelekezo ya chipu, inagoma, inataka namba isiyobadilika. Sasa aina si ndiyo hiyo hiyo? Nikaweka `16000 * 5` nipate milisekunde 5. Ikapita, ila mota inanguruma tu, haizunguki.

Fundi_Ngamiani
Marahaba. Aina umepatia, ila kuna sharti la pili. Hapo hakuna fanksheni inayosubiri kuitwa; kompaila yenyewe inaandika papo hapo maelekezo ya kupoteza mizunguko kamili uliyotaja. Bila namba itaandika nini? Potensiometa inasomwa chipu ikiwa imeshafungwa kikaushioni! Sharti hilo lipo kwenye maelezo chini ya tamko, ambayo vijana mnayaruka.

Zungushia kitanzi:

`void subiri(unsigned int ms) { while (ms--) __builtin_avr_delay_cycles(16000UL); }`

Kitanzi nacho kinakula mizunguko michache. Dagaa hawatalalamika.

Hilo la mota ndilo tamu. Kwenye AVR, familia ya chipu yako, `int` (namba nzima ya kawaida) ni biti 16, mwisho wake 32767. Hizo 16000 na 5 zote ni `int`, kwa hiyo zinazidishwa kama `int` kabla `unsigned long` haijaziona. 80000 toa 65536 inabaki 14464, haifiki hata milisekunde 1. Mota lazima ingurume. Andika `16000UL * 5`; hiyo `UL` inaifanya namba iwe `unsigned long`. Na onyo la kompaila ulilipata, sema hukulisoma.

Mama_Saketi
Fundi, mbona mimi hiyo delay naipa kigeugeu (variable) na inakubali?

Fundi_Ngamiani
Dada, bila shaka unatumia `-Os` (kompaila iboreshe kodi iwe ndogo), na thamani umeiandika juu yake tu. Kompaila inaifuatilia, inaigeuza namba kabla ya kufika pale. Weka `-O0` (bila maboresho) uone itakavyogoma.

Kijana_Sahare
Mlango unafunguka, fundi, asante. Ila nikituma data kwa UART (njia ya mawasiliano ya chipu) mota inasitasita.

Fundi_Ngamiani
Unatumia intarapti, yaani kazi inayokatiza programu kwa muda? Muda wake haumo kwenye hesabu ya ile mizunguko, unajiongeza juu. Hapo achana na kusubiri, hamia kwenye taima ya chipu. Tuma kodi yako tuione.