Naomba ushauri: asili ya jina de Souza katika ukoo wetu

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu jina la ukoo wa babu yangu mzaa mama, de Souza, ambaye wazazi wake walitoka Goa, huko India, wakahamia Unguja. Najua kwamba Sousa ni mto wa kaskazini mwa Ureno, ambao jina lake lilichukuliwa na ukoo mmoja wa makabaila. Lakini Wareno waliiteka Goa mwaka 1510, na wenyeji waliobatizwa mara nyingi walipewa jina la padri au la msimamizi wao wa ubatizo, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi wa damu ya Kireno. Baadhi ya wajomba wanashikilia kwamba tumetokana na Martim Afonso de Sousa, aliyekuwa gavana huko kuanzia 1542 hadi 1545. Dai hilo linaniumiza, kwa sababu linawafuta mababu zetu Wagoa.

Je, daftari za zamani za ubatizo na ndoa za Kanisa la Minara Miwili, kanisa kuu la Wakatoliki hapa Unguja, zinaonyesha kijiji alichotoka mtu? Na aliyewahi kutafuta jina la ukoo lililotumika kabla ya ubatizo alianzia wapi, parokiani Goa au kwenye nyaraka za serikali zilizoko Panaji, mji mkuu wa Goa?