Ziara ya wakulima kisiwani Ukara: tuangalie nini zaidi ya jiwe linalocheza?

Mwanakikundi
Habari za leo wakuu. Tuko wakulima 18 tunaopanga kwenda Ukara, kisiwa cha Ziwa Viktoria, kwa siku mbili. Mashamba yetu ni kichanga kama ya kule, na tukiuliza habari za kisiwa hicho tunasimuliwa jiwe linalocheza tu. Jiwe tutalipitia. Tunachotaka ni kujua Wakara wamewezaje kulima kichanga kilekile mwaka hadi mwaka bila kukipumzisha. Tukifika tuangalie nini hasa? Ekari moja inahitaji samadi kiasi gani? Na njia ya kufika ikoje?

Bwana_Samadi
Mkuu, anzieni zizini, shamba mtaliona baadaye. Udongo wa Ukara umetokana na mawe ya matale, ni kichanga chepesi kisichoshika maji wala rutuba. Kinachozaa pale kimetengenezwa kwa mikono.

Katika mfumo wa asili wa Wakara, ng'ombe hafungwi kwenye sakafu tambarare. Sehemu yake huchimbwa chini ya usawa wa ardhi, chini ya paa, naye huletewa majani humo humo. Anayoacha kula yanakuwa matandiko. Kila siku linaongezwa tabaka, analikanyaga, analikojolea, na sakafu inapanda polepole pamoja naye. Shimo likijaa, hutolewa yote na kupelekwa shambani.

Ubora wote uko kwenye ule mkojo. Naitrojeni nyingi ya ng'ombe hutoka kwa mkojo, na katika zizi la wazi huzama ardhini au hupaa na jua. Shimoni majani makavu huunyonya. Mwombeni mwenyeji awaonyeshe ukuta wa shimo linapochotwa: juu mtaona mabua bado ya njano, katikati yamelainika, chini ni meusi na hayana harufu kali. Chukueni konzi moja mkakamue. Maji yakichuruzika kati ya vidole, matandiko hayakutosha. Hewa haipiti na kwato za mnyama zitaoza. Ikipukutika kama vumbi, imekauka mno na haiozi. Inayofaa hushikamana ikiacha kiganja na unyevu tu.

Hesabu: kwa kichanga lengeni tani 4 hadi 5 kwa ekari kila mwaka. Debe la samadi yenye unyevu lina kilo 12 hadi 14, kwa hiyo tani 4 ni kama debe 300. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 akilishwa zizini mwaka mzima hutoa kilo 10 hivi za kinyesi kwa siku, ukijumlisha na matandiko mnapata tani 3 hadi 4. Kwa maneno mengine, ng'ombe mmoja kwa chini kidogo ya ekari moja. Lakini huyo mmoja anakula kilo 25 hadi 30 za majani mabichi kila siku, na lazima mtu ayakate na kuyabeba. Hapo ndipo wengi wanaoiga mfumo huu hushindwa: shimo wanachimba wiki moja, malisho hawakuyapanga.

Kwa hiyo ulizeni majani yanatoka wapi. Wakara walikuwa wakichimba vishimo kandokando ya ziwa, chini hadi karibu na maji, na kupanda humo majani ya malisho yanayobaki mabichi hata kiangazi. Miti nayo ina wenyewe, hata ikiwa imesimama katika shamba la mtu mwingine, na majani yake hulishwa ng'ombe. Tembeeni na mwenyeji, msivunje tawi hata moja bila kuuliza.

Mwanakikundi
Shukrani sana mkuu. Ng'ombe wetu huchungwa mchana na kulala zizini usiku. Tupige hesabu ya nusu ya samadi hiyo?

Bwana_Samadi
Pigeni chini ya nusu. Kinyesi cha mchana kinabaki malishoni, na kile cha usiku kikiwa kwenye zizi lisilo na paa, mvua inaosha sehemu nzuri. Anzeni na paa na matandiko kabla ya kufikiria kuongeza mifugo. Mkishaitoa samadi, msiirundike shambani juani wiki nzima. Imwageni na kuifukia siku hiyo hiyo. Yenye mabua mengi mabichi ifunikeni kwanza miezi miwili au mitatu iive, la sivyo vijidudu vinavyoozesha mabua vitanyang'anya mmea naitrojeni na uwele utatoka wa njano.

Marejea_Kwanza
Bwana Samadi kasema vizuri, ila kaacha nusu ya pili. Samadi pekee haikutosha Ukara. Ilikuwa na mwenzake, marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa udongoni kuwa mbolea. Mzunguko wa zamani ni wa miaka mitatu: uwele ndio zao kuu, marejea hupandwa katikati ya uwele uliokwisha kuchipua, uwele ukivunwa marejea hubaki na kukua, kisha hufukiwa kabla ya msimu unaofuata. Njugu mawe nazo huingia kwenye zamu, nazo ni jamii ya kunde.

Mkijaribu kwenu, sieni marejea wakati wa palizi ya kwanza. Mkiwahi zaidi yatauzidi uwele. Fukieni yanapoanza kutoa maua, shina likiwa bado linakatika kwa kucha. Mkingoja mbegu, shina linakuwa kuni na halitaoza kwa wakati. Tena mbegu za marejea zina sumu inayoharibu ini la mifugo, kwa hiyo yenye mbegu yasiingie kwenye hori.

Faida nyingine ni kupunguza kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka. Mizizi ya marejea huzindua mbegu za kiduha, zikichipua hazipati pa kujishika, zinakufa. Angalizo: mbegu za kiduha hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Mabua yaliyotoka shamba lenye kiduha msiyalishe.

Msitarajie kuukuta mzunguko huu kila shamba. Mihogo imechukua nafasi kubwa. Tafuteni wazee wanaoukumbuka, na muwaulize hasa ni kazi gani iliyowafanya wauache.

Msafiri_wa_Ziwa
Njia: ama meli Mwanza hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, mwendo wa saa tatu na ushee, ama gari kupitia Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko kwenda Rugezi. Kutoka Nansio nendeni kwa gari hadi Bugolora, kaskazini mwa Ukerewe, na hapo ndipo pa kuvukia kwenda Bwisya, Ukara.

Subirini kivuko badala ya boti, ila nacho kwa tahadhari. MV Nyerere, kivuko cha njia hii, ilipinduka Septemba 20, 2018 ikiwa imebakiza mita chache tu kufika Bwisya. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walikuwa 228. Ilikuwa siku ya mnada Bugolora, watu na mizigo wakiwa wengi. Kwa hiyo epukeni siku ya mnada, na kivuko kinapokaribia gati kaeni mlipo, msikimbilie mlangoni, kwani uzito ukihamia upande mmoja ndipo chombo kinapolala. Mkilazimika kupanda boti ya injini, vukeni asubuhi ziwa likiwa limetulia, kila mtu awe amevaa jaketi okozi na kulifunga. Kulikalia si kulivaa.

Ukara ina kata nne: Bwisya, Bukiko, Bukungu na Nyamanga. Jitambulisheni kwanza kwa mtendaji wa kijiji, ndiye atakayewapa mwenyeji wa kuwapeleka mashambani.

Mama_Zahanati
Wanangu, hivyo vishimo vya majani na majaruba ya mpunga mtavitazama mkiwa nje. Kichocho kipo pwani za Ziwa Viktoria, na mabuu yake yanayotoka kwenye konokono hupenya ngozi kwa dakika chache, hasa karibu na saa sita mchana. Atakayeingia avae buti za mpira zinazofika magotini. Akilowa, ajifute papo hapo kwa taulo kavu, kwa nguvu. Maji ya ziwa ya kuoga yachemsheni, au yawekeni kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili.

Aliyelowa asikimbilie dawa kesho yake. Prazikwanteli haiui minyoo michanga, kwa hiyo aende kituo cha afya wiki 6 hadi 8 baadaye. Kipimo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula. Homa, kikohozi au vipele vikija kabla ya hapo, aende mapema na amweleze mganga kwamba aliingia maji ya ziwa.