Naomba ushauri: barua za David Dale na ndoto ya ajira vijijini

Habari zenu wanajamvi. Naandika makala ya Kiswahili kuhusu David Dale wa Uskoti, na nimekwama.

Dale alianza kama mfumaji, akawa mfanyabiashara wa nyuzi Glasgow, kisha akajenga kiwanda cha kusokota pamba New Lanark, kilichoanza kazi 1786. Mwaka 1799 bintiye Caroline aliolewa na Robert Owen, ambaye mwaka uliofuata akawa msimamizi wa kiwanda hicho. Dale alitamani kazi ya pamba ifike hadi nyanda za juu za kaskazini, watu wasilazimike kuhamia Marekani. Ndipo yeye na wenzake wakajenga kiwanda kule Spinningdale. Kiliungua 1806, mwaka aliofariki, na hakikujengwa tena. Habari hiyo bado inanigusa.

Nataka makala isimame juu ya barua za familia na za washirika wake. Rasimu ya kwanza ilimfanya mtakatifu, nikaifuta. Maana watoto maskini New Lanark walifanya kazi tangu saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni, ndipo waende darasani.

Naomba mnisaidie mawili. Matumaini ya kwenye barua niyapime kwa kumbukumbu za aina gani: hesabu za kiwanda, au rejista za kanisa? Pili, nikiandika "kinu cha pamba", msomaji wa Mwanza si atafikiria jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba? "Kiwanda cha kusokota" kinatosha, au kuna neno bora?

Natanguliza shukrani.