Kasikili au Sedudu: bildi (kamba ya kupimia kina cha maji) yaweza kusema kisiwa ni cha nani?

Nanga Mbili (mleta mada):

Wakuu, salaam. Kuna kesi ya zamani ambayo kila nikiirudia inanikera upya, nikaona niilete tuijadili.

Kisiwa kiko Mto Chobe, kina kilomita za mraba kama 3.5 tu. Namibia wanakiita Kasikili, Botswana wanakiita Sedudu. Mto ukikifikia unagawanyika, maji mengine yanapita kaskazini, mengine kusini. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 (ndio ule ule ulioiweka Zanzibar chini ya Waingereza, Wajerumani wakapewa Heligoland) ulisema mpaka ufuate katikati ya mkondo mkuu. Mkondo mkuu ni upi? Hawakusema. Wakaandika wakiwa Berlin, wakaondoka zao.

Mwaka 1996 nchi mbili zikaipeleka kesi The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 13 Desemba 1999 majaji wakaamua kwa kura 11 dhidi ya 4: mkondo mkuu ni wa kaskazini, kwa hiyo kisiwa, kilicho kusini yake, ni cha Botswana.

Sasa kinachonikera. Mwaka 1948 maofisa wawili wa kikoloni, mmoja wa upande wa Caprivi (Namibia ya leo) na mwenzake wa Kasane, mji wa upande wa Botswana, walikwenda kukiangalia kisiwa wakaandika ripoti ya pamoja. Walikubaliana mambo mawili: kwamba mkondo mkuu ni ule unaokiweka kisiwa upande wa Bechuanaland (Botswana ya leo), na kwamba watu wa Caprivi walikuwa wakikitumia tangu angalau 1907. Yote mawili kwenye karatasi moja! Miaka 51 baadaye, la kwanza likashinda kesi. La pili, yaani Wasubia, watu wa Caprivi waliokuwa wakivuka kulima pale, likaonekana halitoshi, kwa kuwa hawakulima kwa niaba ya dola. Mkulima gani hushika jembe kwa niaba ya dola?

Msimamo wangu: sayansi ya mto ilijibu vizuri swali ambalo wenyeji hawakuuliza.

Mpimaji:

Mkuu, naomba nitofautiane nawe kidogo, maana kazi yangu ni maji.

Usiidharau kazi iliyofanyika. Kusema mkondo huu ni mkuu si suala la kusimama ukingoni na kukodoa macho. Unapanda mashua, unavuka ng'ambo hadi ng'ambo, kila hatua kadhaa unashusha bildi na kuandika kina. Halafu unapima kasi ya maji. Upana mara kina mara kasi, unapata maji yanayopita kila sekunde. Ukiunganisha sehemu zenye kina kirefu zaidi, mkato hadi mkato, unapata mstari ambao Wajerumani katika maandishi yao ya mkataba waliuita talwegi. Pale Chobe wastani wa kina uliozingatiwa na mahakama ulikuwa mita 5.70 kaskazini na 2.13 kusini. Hizo si tofauti za kubishania.

Ugumu ulikuwa kwingine, na hapa ndipo utamu wa kesi ulipo. Chobe ni mto wa ajabu. Zambezi ikifurika inausukuma Chobe, maji yanaweza hata kurudi yalikotoka. Kuanzia Machi hivi kisiwa chenyewe kinamezwa na maji kwa miezi kadhaa. Namibia wakasema: kama unataka kujua mto unapita wapi, upime wakati huo, mafuriko yanapotanda bonde zima, utaona mwendo mkubwa uko kusini. Botswana wakasema: hapana, hayo ni mafuriko, mto ni ule unaouona maji yakipungua. Mahakama ikafuata maji madogo.

Kwa hiyo mleta mada una haki nusu. Bildi haikuchagua msimu. Walioamua upimwe lini ni wanasheria.

Mkulima wa Bonde:

Mpimaji, umeniwahi. Ukipima Machi na ukipima Oktoba unapata mito miwili, halafu mnatuambia sayansi haina upande.

Mimi sisemi vipimo ni vya uongo. Nasema vimepewa kazi isiyo yao. Kisiwa kinazama kila mwaka, na hiyo ndiyo inayowaletea watu ardhi yenye rutuba. Leo bendera ya Botswana inapepea pale, watalii wanapita na boti zao zenye matako bapa kutazama tembo wakiogelea. Tena, kichekesho, boti hizo zinapenda sana mkondo wa kusini, ule "mdogo".

Mpimaji:

Hilo la boti lilisemwa mahakamani, kaka. Wanapita kusini kwa sababu ndiko wanyama waliko, na boti bapa haihitaji kina.

Nanga Mbili:

Tusisahau sehemu ya mwisho ya hukumu, iliyopitishwa na majaji wote bila kupingwa: raia na vyombo vya nchi zote mbili watendewe sawa katika mikondo yote miwili. Hiyo haikutoka kwenye bildi. Ilitokana na ahadi ambayo marais walikuwa wamepeana Kasane, Mei 1992. Kwangu mimi ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote, na haikuhitaji mtaalamu hata mmoja.

Mpimaji:

Nakubali. Ila niambie, bila vipimo ungeamuaje? Benin na Niger, 2005, walikuwa na visiwa 25 vya kugawana kwenye Mto Niger, kikiwemo Lété chenye wakazi wa kudumu. Mahakama ikatafuta vina vilivyopimwa karibu na 1960, mwaka wa uhuru, ikagawa: 16 Niger, 9 Benin. Ungewauliza wenyeji wa visiwa 25, kila kimoja na babu yake?

Mkulima wa Bonde:

Ningewauliza, ndiyo. Halafu ningepima.

Na hapo Chobe mlikuwa na bahati, picha za angani tangu 1925 zilionyesha mto haujahama. Njoo Songwe, mpakani mwa Tanzania na Malawi, kule chini unapokaribia ziwa. Mto unakata kona mpya, mtu analala nchi hii, anaamka shamba lake liko ng'ambo. Ukipima leo utampa nani? Serikali mbili zimekaa miaka mingi zikipanga kuutuliza mto wenyewe. Yaani badala ya mpaka kuufuata mto, mto ndio unaambiwa utulie.

Mpimaji:

Songwe sibishi. Pale ningeweka nguzo za zege kwanza, bildi baadaye.